Jamani, msiniagize tena tochi za sifa!

Mie huku Dubai mzima, nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, lakini silali mpaka niseme lililo moyoni. Orodha yenu ya vitu vya kuleta Desemba nimeipata, na humo nimehesabu tochi saba. Saba! Zote maelezo ni yaleyale: "ile kali kabisa, ya lumeni laki moja". Shemeji wa Muheza ndiyo kaongeza, eti iwe inavuta mwanga mbali na iwe na king'ora.

Sizileti. Hata moja.

Likizo ya mwaka juzi nilileta moja ya hizo. Niliinunua Deira kwa dirhamu 85, boksi jeusi lenye picha ya askari, muuzaji ananiapia "sista, orijino, orijino". Nikampa dada yangu, na mnajua wengi kwamba ni mkunga kwenye zahanati ya kijijini. Basi usiku mmoja umeme hakuna, mama kajifungua, kachanika, dada anatakiwa kushona. Tochi ikawaka kama jua. Dakika ya tatu ikaanza kufifia, dakika ya kumi imekuwa kibatari, akamalizia kwa simu ya bibi aliyemsindikiza mzazi. Na hata ilipokuwa inawaka vizuri, anasema mwanga wake wa kibluu ulifanya damu na nyama vyote vionekane rangi moja, akawa anapapasa kutafuta inatoka wapi. Mama mzima, mtoto mzima, namshukuru Mungu. Lakini mie ni muuguzi, najua usiku ule ulikuwa karibu kiasi gani na mambo mengine, na tochi ile niliileta kwa mkono wangu.

Likizo iliyofuata tukaifungua na binamu yangu fundi redio. Kha! Kichwa ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Balbu ya LED imekaa juu ya kisahani chembamba, na chini ya kisahani hakuna kitu, uwazi mtupu. Sasa LED nayo inapata joto, umeme mwingi unaoingia humo unaishia kuwa joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, mwanga unafifia na balbu inakufa kabla ya siku zake. Alumini inapitisha joto mamia ya mara kuliko plastiki. Betri imeandikwa 9900. Nikaiweka kwenye mizani: gramu 31. Betri ya kweli ya saizi hiyo, 18650, maana yake milimita 18 kwa unene na 65 kwa urefu, ina gramu 45 hadi 50, na nyingi za zile bora zinaishia kwenye 3500 au 3600 hivi. Anayeandika 9900 ni mwongo, hana jina lingine. Na ile "T6" mnayoipenda si jina la balbu. Ni daraja la mwanga ambalo kampuni ya Cree ya Marekani ilitumia kupanga balbu zake, leo kila kiwanda kinajibandikia.

Kwa hiyo mie nasema hivi: acheni kununua tochi, nunueni ganda. Dirhamu 15, 20 ikizidi, lipo tele huku Deira na kule Dragon Mart, limetupwa kwenye makapu hata boksi halina. Ya ndani tutaweka wenyewe.

Najua shemeji atasema cha bei rahisi ni takataka. Shemeji, na heshima zote, hapo ndipo wanapotukamata! Kinachodanganya kwenye tochi ni kile usichokiona: balbu, betri, saketi. Bomba la alumini litakudanganya nini? Unalishika, lina uzito au halina. Unafungua kichwa, unafungua na mkia, vyote lazima vifunguke kwa mkono. Kikiwa kimegundishwa, rudisha kwenye kapu. Meno ya kufungia yawe manene, yasikwaruze. Pawe na mpira wa mviringo wa kuzuia mvua. Halafu chungulia pale balbu inapokaa: ukikuta chuma kimejaa, umepata bahati. Ukikuta uwazi usikate tamaa, bora tu hilo ganda lenyewe liwe chuma. Mimi jirani yangu Mganda ni fundi AC, na Dubai hii vipande vya bomba la shaba havikosekani. Akaninyooshea kimoja kikawa bapa, akakikata duara, binamu akakibana chini ya balbu na ile dawa ya kupitisha joto wanayopaka mafundi kompyuta. Joto likapata njia ya kwenda kwenye ganda, na la ganda likaingia mkononi. Tochi ikikaa sana inakuwa ya uvuguvugu, na ndivyo inavyotakiwa.

Balbu nikaagiza ya Nichia, Wajapani, yenye kipimo cha rangi cha CRI juu ya 90. Mia ndiyo mwisho. Lumeni zake ni chache kuliko za boksi, nakubali, lakini jicho halihesabu hivyo: mpaka uone mwanga umekuwa mara mbili, inabidi uongezwe karibu mara nne. Anayepandisha umeme mpaka ganda liungue ili ashinde mwenzie barazani, shauri yake. Dada anataka nyekundu ionekane nyekundu. Kichanga chenye manjano bado anamtoa juani asubuhi kumtazama, hakuna tochi ya kuchukua nafasi ya jua, lakini tangu apewe hii hajaazima tena simu ya mtu kushonea.

Basi Desemba nakuja na magamba saba, balbu saba na betri za kweli. Betri nitazibeba begi la mkononi, msiniambie nizitie kwenye begi kubwa, za akiba haziruhusiwi kwenda kule chini. Binamu andaa risasi ya kuchomelea, tutakaa uani Jumapili nzima. Tochi mbili za mwanzo ni za zahanati, hilo halina mjadala. Zinazobaki mtagawana.

King'ora shemeji atajinunulia.