Tahariri: Tangazo la Ufadhili Lifike Bukene

Kanuni za Rotary Foundation, mfuko wa hisani wa klabu za Rotary, zinakataza jambo moja waziwazi. Mwanachama wa Rotary hapewi ufadhili wa masomo wa mfuko huo. Hapewi mwenzi wake, mtoto wake, mjukuu wake wala mzazi wake. Aliyeitunga kanuni hiyo aliwajua binadamu. Wenye uwezo na wenye kauli wakiketi kugawa nafasi za kwenda kusoma ng'ambo, jina la kwanza kutajwa huwa la mtoto wa nyumbani.

Kanuni ni njema, ila inaishia kwenye damu. Haimzuii mwanachama kumpendekeza mtoto wa rafiki, wa mteja, wa jirani wa mtaa mmoja wenye mageti marefu. Hapo sheria imemaliza kazi yake na wajibu ndio unaanza.

Tuichukue Bukene, mji mdogo wa wilaya ya Nzega, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Tuseme yupo mwalimu wa sekondari huko, ana shahada ya kwanza, anataka kusomea uzamili wa mambo ya maji. Maji ni moja ya maeneo 7 ambayo Rotary Foundation huyafadhili, na mkoa wa Tabora, ambako mabomba ya Ziwa Victoria yamefika Nzega, Igunga na Tabora mjini miaka ya karibuni tu, hauhitaji kuelezwa kwa nini somo hilo lina maana. Mwalimu huyu anastahili. Atajuaje?

Kikao cha klabu ya Rotary kwa desturi ni cha chakula. Kengele inapigwa, mgeni anakaribishwa, aliyechelewa anatozwa faini kwa kicheko, taarifa zinasomwa. Ufadhili unatangazwa hapohapo, kati ya supu na chai. Waliopo wanasikia na wanawaambia walio karibu nao. Hakuna aliyeiba kitu, hakuna aliyevunja kanuni, na bado mwalimu wa Bukene ameshanyimwa.

Tena si habari tu. Ufadhili wa Rotary wa kusoma nje, ule wa global grant, huanzia dola 30,000, na mwombaji hutakiwa awe na barua ya kukubaliwa na chuo. Barua hiyo haipatikani kwa wiki mbili. Vyuo vingi hudai mtihani wa Kiingereza, nao una ada yake na kituo chake, mbali na Bukene. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kisha vyeti vitolewe chuoni, wadhamini waandike, maombi yatumwe, jibu lingojewe miezi. Klabu inayotangaza nafasi mwezi mmoja kabla ya kufunga dirisha inawatangazia wale ambao barua zimo mikobani tayari. Hao ni watoto wa nani, kila mtu anajua.

Kwa hiyo klabu isituambie kwamba ilitangaza. Ituambie ilitangaza lini, na wapi.

Mkoa huu una mfano wake. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya St. Mary's, Tabora, alipopata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mkuu wake, Padri Richard Walsh, alimhimiza na kumhangaikia mpaka safari ikakamilika. Hakuketi kungoja kijana asome karatasi ukutani. Nyerere alirudi mwaka 1952, akafundisha Pugu, na miaka miwili baadaye chama cha TANU kikazaliwa.

Alirudi. Neno hilo linatupeleka upande wa pili wa wajibu, ambao vijana hawapendi kuusikia. Anayekopa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Aliyefadhiliwa na klabu hakatwi hata senti. Hana hati ya deni wala mdhamini wa kukamatwa. Kwa sababu hiyo wengine hupanda ndege na huo ukawa mwisho wa habari zao: hakuna barua, hakuna salamu, ila picha za theluji kwa marafiki.

Mwaka 1964 Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena. Akila asirudi, alisema, huyo ni msaliti. Maneno makali, na kwa watu wa Unyamwezi hayakuwa fumbo. Wapagazi wa hapa walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na misafara yao iliendana na kilimo: kuondoka baada ya mavuno, kurudi kabla ya mvua za kupanda. Pwani ilikuwa na starehe zake, na wapo waliobaki. Wengi walirudi shambani.

Hatumtaki kila aliyesoma London aje apange chumba Bukene. Dunia imebadilika, mtu anaweza kuufaa mkoa wake akiwa Dodoma au Geneva. Tunachotaka kwake ni hesabu. Kila muhula aandike ukurasa mmoja kwa klabu iliyomtuma, kwa Kiswahili, usomeke kikaoni na nakala ipelekwe shule aliyotoka. Akimaliza, afike mwenyewe, asimame mbele ya wanafunzi, aeleze namna ya kuomba, gharama zilivyokuwa na alivyozipata.

Na klabu nayo itoe hesabu yake. Tangazo litoke mwaka mmoja kabla, lipelekwe kwa afisa elimu wa wilaya, libandikwe shuleni, kwenye ofisi za kata na stesheni ya Bukene. Itengwe fedha kidogo ya pasipoti na mtihani kwa mwombaji asiye nacho. Faini za wachelewaji zingeweza kuanzia hapo. Orodha ya waliohojiwa ioneshe wilaya walizotoka, bila majina, isomwe kwa sauti kikaoni, kabla chakula hakijaletwa.