Tunagombania magwangala, dhahabu inapita

Wadau, leo naomba niingilie ubishi ambao umenichosha masikio. Kila nikikaa na vijana wenzangu waliopita chuo, iwe Shinyanga mjini, Kahama au Geita, kikitajwa kitabu cha Digital Fortress meza inagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Upande mmoja unasema ni kitabu kitamu kuliko vyote, ukikishika saa mbili usiku unakiachia alfajiri. Upande wa pili unasema ni takataka, mwandishi hajui kompyuta wala hesabu. Mimi nasema pande zote mbili zinagombania magwangala. Dhahabu ya kitabu kile imepita mbele ya macho yao.

Kwa ambaye hajakisoma: ni riwaya ya kwanza ya Mmarekani Dan Brown, ilitoka mwaka 1998, miaka mitano kabla ya The Da Vinci Code kumpa jina dunia nzima. NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, lina mashine ya siri yenye vichakato milioni tatu inayofungua ujumbe wowote uliofungwa kwa msimbo. Mjapani aliyewahi kufanya kazi humo, Ensei Tankado, anatoa programu ambayo mashine ile haiwezi kuifungua. Anataka NSA ikiri hadharani kwamba inasoma barua za watu. Anakufa Sevilla, Hispania, na mbio za kutafuta ufunguo zinaanza. (Ambao hamjamaliza, ishieni hapa. Nitamwaga siri.)

Nianze na wanaoponda, maana wana hoja. Kitabu kinatuambia kwamba mashine yenye nguvu ya kutosha itafungua kila kitu, ni suala la muda tu. Si kweli. Claude Shannon alionyesha mwaka 1949 kwamba ufunguo wa kubahatisha, wenye urefu sawa na ujumbe na unaotumika mara moja tu, hauvunjiki hata ukipewa mashine zote za dunia. Jibu la fumbo la mwisho, namba 3, linapatikana kwa kutoa 235 kwenye 238, aina mbili za urani. Lakini bomu la Nagasaki lilikuwa la plutoniamu. Watu wa Sevilla nao walikasirika kwa jinsi mji wao ulivyochorwa, na hasira hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa tunaielewa vizuri. Tunakumbuka filamu ya Darwin's Nightmare ya 2004 ilivyoichora Mwanza, mpaka Rais Kikwete akaisema hadharani mwaka 2006.

Washabiki wanajibu, "Ni hadithi tu, bwana, acha ualimu." Hapana. Hadithi inayovaa joho la sayansi ikubali kuulizwa maswali ya sayansi. Huwezi kujisifu umejifunza mambo ya siri kutoka kitabuni, halafu ukibanwa unakimbilia kichaka cha "hadithi tu".

Hata hivyo, anayedhani kuvunja siri hakuna utamu bila chumvi ya Dan Brown aende Mombasa. Mwaka 1942, Singapore ikiwa imeanguka na Japani imeshambulia Colombo, Waingereza walihamishia wavunja siri wao Kilindini. Wakawekwa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari. Mawimbi ya redio yaliwafikia kwa shida. Lakini mwaka huohuo walifungua JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Kwa njia gani? Opereta mmoja wa Kijapani alisahau kutaja meli ilipo, akautuma ujumbe uleule upya kwa ufunguo uleule. Ndani ya wiki chache wakawa wanasoma ujumbe mpya karibu sawasawa na unavyotumwa. Vichakato milioni tatu havikuhitajika. Mtu alichoka, akakosea, na mtu mwingine alikuwa anasikiliza.

Sasa niambieni, wangapi kati yenu mlifundishwa hilo shuleni? Sevilla ya uongo tunaijua kwa majina ya mitaa. Kilindini ya kweli, mwendo wa basi tu kutoka Tanga, hatuijui.

Lakini makosa ya hesabu na historia iliyosahaulika si kesi yangu kubwa. Kesi yangu ni hii: kitabu kinakufanya umpende anayefungua barua zako.

Fikirieni. Mashujaa wa kitabu ni Susan Fletcher, mkuu wa wavunja siri, na mchumba wake David Becker. Ukurasa kwa ukurasa unaomba waokoe siri za NSA. Strathmore, bosi wa Susan, anataka kuitia programu ya Tankado mlango wa nyuma ili dunia nzima ijifungie na yeye abaki na ufunguo. Analaumiwa kwa kuua na kudanganya. Kwa kutamani kusoma barua za dunia nzima, analaumiwa kidogo sana. Tankado, ambaye alitaka kitu kimoja tu, wananchi waambiwe ukweli, anakufa mwanzoni kabisa. Mwisho siri za NSA zinapona na sisi wasomaji tunashusha pumzi. Mwaka 2013 Edward Snowden aliionyesha dunia kwamba hofu ya Tankado haikuwa ya hadithi.

Najua kuna atakayesema hata sisi tulimpenda Willy Gamba, mpelelezi wa serikali wa Elvis Musiba. Kweli tulimpenda. Ila Gamba alipigana na makaburu na vibaraka wao. Hakutuomba tufurahie kusomewa barua zetu.

Mtasema hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi tulio jirani na mashimo ya dhahabu. Yanatuhusu kuliko mnavyodhani. Katiba yetu, Ibara ya 16 na ya 18, inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Hata hivyo Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wajiandikishe, yaani mwenye kufunga mlango wake akajieleze kwanza. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa imezimwa siku kadhaa. Mwenye ufunguo wa kufungua ndiye huyohuyo mwenye ufunguo wa kufunga.

Geuzeni upande wa pili muone siri inayolindwa kwelikweli. Mgodi wa Buzwagi uko Kahama. Mkataba wake ulisainiwa London mwaka 2007 na Waziri Nazir Karamagi, na Zitto Kabwe alipotaka Bunge liuchunguze, Agosti mwaka huo akasimamishwa ubunge. Mgodi umeshafunga uzalishaji mwaka 2021. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyotangazwa, Acacia ikakana. Mwaka 2020 mambo yakamalizwa na Barrick kwa ahadi ya dola milioni 300 na hisa asilimia 16. Nchi nzima iligeuka wavunja siri, kila mtu ana namba yake, na mwananchi wa Kakola anayepishana na magari ya mgodi hakuwa na karatasi hata moja ya kusoma mwenyewe. Sheria ya uwazi katika uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba iwekwe hadharani. Haya, nani kati yenu ameushika mkataba wa mgodi mkononi?

Hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili. Ujumbe wa kijana wa Nyarugusu anayeuza gramu zake mbili unatakiwa uwe wazi. Mkataba wa tani za dhahabu unatakiwa uwe siri. Katika nchi yenye akili timamu ingekuwa kinyume chake. Kitabu kizima kinahusu nani anashika ufunguo na nani anamchunga mshika ufunguo, halafu sisi wasomi tunabishana kama sura ni fupi mno au kama mwandishi anajua plutoniamu!

Sisemi msikisome. Kisomeni, kina mbio kweli na kinafundisha jinsi ya kumshika msomaji shati. Wanaodharau riwaya za kasi wakumbuke kwamba akina Musiba na Ben Mtobwa ndio waliowafanya baba zetu wasome Kiswahili hadi usiku wa manane. Ninachowaomba ni kwamba mkifika mwisho, siri zikishapona na mkataka kushangilia, mjiulize mnashangilia ushindi wa nani.

Na wewe unayejiita mwandishi chipukizi, Kilindini iko pale inasubiri, makontena 277 yanasubiri, Joram Kiango wa kizazi chako hajazaliwa. Acha kuandika muhtasari wa Dan Brown. Chimba duara lako mwenyewe.

Anayebisha abishe kwa hoja. Naomba kutoa hoja.