Mkate wa Jana Uuzwe kwa Jina Lake

Katika soko la Mambasa, hapa kwetu Ituri, ipo bidhaa ambayo kila mtu huinunua na hakuna muuzaji anayekiri kuiuza, nayo ni mkate wa jana. Ukiuliza, utaapiwa kwamba umetoka tanurini alfajiri hii. Ukiubonyeza ukauona mgumu, utaambiwa kwamba hiyo ni baridi ya usiku, au kwamba unga wa safari hii si kama ule wa safari iliyopita. Na ukishaufikisha nyumbani, watoto wakautazama kwa jicho la dharau, hutakuwa na wa kumshitaki. Maandazi nayo hayakusalimika, wala chapati. Nami nasema tangu mwanzo kwamba mkate hauna kosa. Mkate uliolala haukuoza, na mtu ajuaye kuupasha moto huula kwa ladha iliyo karibu sana na ile ya jana asubuhi. Kilichopungua ni maarifa machache ya jikoni kwa upande wa mnunuzi, na uaminifu kwa upande wa muuzaji.

Inafaa kwanza tukumbuke safari ya huo mkate. Ngano haioti katika msitu wa Ituri. Kiasi fulani hulimwa katika nyanda za juu za Lubero, kule Kivu ya Kaskazini, lakini unga ujazao maduka yetu aghalabu huja kwa malori kutoka upande wa Uganda, nayo ngano yenyewe mara nyingi ilikwisha kuvuka bahari hata ikashushwa bandarini Mombasa. Malori huingia nchini kwa mpaka wa Kasindi, yakapita Beni, Oicha, Eringeti na Luna hadi Komanda, na hapo huiacha njia ya Bunia yakashika njia ya msitu kuja kwetu, kwa Barabara ya Kitaifa Namba 4, ambayo kila aliyekwama humo majira ya mvua hahitaji kusimuliwa habari zake. Tangu Mei 2021, serikali ilipotangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, zimekuwapo siku ambazo magari ya njia hiyo hayakwenda ila kwa misafara yenye ulinzi wa askari. Na mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya ngano ulimwengu mzima. Chakula kilichopita katika mashaka hayo yote, kisha kikatupiwa bata kwa sababu tu kimelala usiku mmoja, kimefanyiwa dhuluma, na aliyekinunua kwa faranga zake amejidhulumu pia.

Wengi hudhani kwamba mkate hugeuka mgumu kwa kuwa umekauka. Dhana hiyo ilivunjwa zamani: mwaka 1852 mwanakemia wa Kifaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate uliofungwa pasipo upenyo wa kupotezea maji huchakaa vile vile, na kwamba mkate uliochakaa, ukipashwa moto, huurudia ulaini wake. Sababu imo katika wanga. Ndani ya tanuri, chembe za wanga hunywa maji, zikavimba na kulegea. Mkate ukishapoa, wanga huanza kujipanga upya polepole katika safu ngumu, ulimi nao ukahisi ukavu ilhali maji yamo mle mle. Joto la kadiri ya nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, likifika mpaka kiini cha mkate, hulegeza safu hizo, lakini kwa muda tu, kwa maana mkate uliopashwa huurudia ugumu upesi kuliko mara ya kwanza. Basi mwenye busara hupasha kile kitakacholiwa sasa hivi, akakiacha kingine kama kilivyo. Na wale wachache wenye friji za umeme wa jua wajue kwamba ubaridi wa friji huuharakisha ugumu huo badala ya kuuzuia. Kinachouzuia ni kugandisha kabisa, jambo lisilo la kila nyumba hapa kwetu.

Namna ya kupasha ni nyepesi, ila inataka subira. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, uiweke juu ya jiko ambalo chai imekwisha kuchemkia na makala yake yameanza kuvaa jivu. Ndani yake pindua sahani ndogo ya bati, ili mkate ukae juu ya sahani wala usigusane na chini ya sufuria. Chovya vidole katika maji, unyunyize ganda la mkate, mara moja upande huu na mara moja upande wa pili, pasipo kuulowesha. Kisha funika, na kwa koleo uweke makala mawili matatu ya moto juu ya mfuniko, kama wafanyavyo wapishi wanapopalia wali. Mvuke wa yale matone utalainisha kwanza, kisha joto la juu litaanza kukausha ganda, na pua yako itaarifiwa kabla ya macho. Hapo funua, ungoje kidogo mpaka usikie ganda likialika, uepue. Moto mkali hauna faida hata chembe: huunguza nje na kuliacha jiwe ndani. Wala hapahitajiki makala mapya, kwani masalio ya moto wa chai yanatosha, na gunia la makala tunajua ni msitu upi uliolitoa.

Hapa ndipo ninapogombana na desturi moja iliyotamakani katika mji wetu, ya kuyarudisha maandazi ya jana katika karai la mafuta yanayochemka na kuyauza kama mapya. Unga uliokwisha kushiba mafuta jana hunywa mengine leo, ngozi ikawa nyeusi na ngumu, na ndani mkabaki ule ule uzito wa jana. Mteja huondoka na mafuta vidoleni na kiungulia kifuani. Andazi lililolala, kama chapati iliyolala, halidai tone la mafuta: chapati yataka kikaango kikavu na kugeuzwa upesi, andazi lataka ile sufuria iliyofunikwa, na mafuta yaliyomo tangu jana yatayeyuka yakatenda kazi yake.

Wala shida hii si ya waja wa Ituri peke yao. Wajerumani wana mkate uitwao bretzel, uliosokotwa mithili ya mikono iliyofumbatwa kifuani, ambao kabla ya kuokwa hupitishwa katika maji makali ya soda, jamaa ya magadi tunayotia katika maharagwe, na kutoka hapo hupata ngozi yake ya hudhurungi ing'aayo. Juu yake hunyunyizwa chumvi ya chembe kubwa. Ukilala, chumvi ile huvuta unyevu ikayeyuka, na ngozi ikaingia makunyanzi. Dawa yake ni ile ile: tone la maji, joto la wastani, na chumvi mpya ikipendeza. Nyumba zenye tanuri la umeme zimefika hapo hapo tulipofika na sufuria.

Mpaka wa maneno yangu ni ukungu. Katika unyevu wa msitu huu, mkate uliofungwa ndani ya plastiki huota ukungu upesi, na moto hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Uliokuwa na doa la kijani au jeusi utupwe wote, wala usikatwe pembe. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengenezwa, kuingizwa na kuuzwa kwa mifuko ya plastiki nchini, walakini mkate wetu ungali ukitembea ndani yake. Kitambaa safi na kikapu vinatosha.

Sasa wauzaji watasema kwamba wakikiri ya jana, hapana atakayenunua. Sisadiki. Kwa nini mnunuzi hushuku kila mkate, hata ule ambao ungali na joto la tanuri, kama si kwa kuwa amedanganywa mara nyingi? Nawasihi waokaji na akina mama wa sokoni waweke beseni mbili, moja ya leo na moja ya jana, kila moja kwa bei yake, na wamweleze mteja namna ya kupasha. Nawe msomaji, nunua ya jana kwa sauti, mbele za watu, pasipo kuona haya, kisha nenda nyumbani ukatafute sufuria yenye mfuniko.