Mtafiti asiyelea warithi ni hasara kwa mkulima

Mkulima wa mtama anapoliona gugu la kiduha shambani, anajua kuwa msimu umeingia doa. Gugu hilo hujishika kwenye mizizi ya mtama na kuanza kunyonya kabla halijachomoza juu ya ardhi. Kupalilia peke yake hakutoshi, kwani linapoonekana limekwishafanya madhara, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi.

Msaada mkubwa umetokana na mbegu bora, na nyuma ya mbegu hizo yuko mwalimu na mwanafunzi wake. Mwaka 1973 Gebisa Ejeta, kijana kutoka kijiji cha Ethiopia, alikutana na Profesa John Axtell, akaenda kusoma chini yake katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Baada ya kupata shahada ya uzamivu alifanya kazi Sudan, ambako mtama chotara wa Hageen Dura-1 ulitoka mwaka 1983. Baadaye alirudi Purdue kufundisha na kutafiti kiduha. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili zenye ukinzani zilizotokana na kazi hiyo, Hakika na Wahi. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kutoka 1973 hadi 2002 ni miaka 29. Hakuna mradi wa miaka mitatu unaoweza kufanya kazi hiyo. Inahitaji mtu kumlea mtu.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Kumpa kijana shahada ni kuzaa tu. Hata hivyo, katika vyuo vingi mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa vijana aliowakuza. Matokeo yake, mtafiti anastaafu, na mbegu alizozichambua kwa miaka zinabaki kabatini bila mwenye kuzijua.

Wapo watakaosema malezi hayapimiki. Yanapimika. Vyuo vihesabu ni wanafunzi wangapi wa mhadhiri ambao bado wako kwenye utafiti miaka mitano baada ya kuhitimu, na ni mbegu gani zimemfikia mkulima kupitia kwao.

Mkulima naye, mtafiti anapoomba kipande cha shamba la majaribio, amuulize: kijana anayekufuata ni nani? Pasipo jibu, kesho mwenye duka la pembejeo hatakuwa na mbegu mpya ya kuuza, na kiduha hakitasubiri.