Mgema Aliyesifiwa Mno

Wapo wanaoamini kwamba ukubwa wa kampuni ndio kipimo cha ubunifu wake. Dhana hiyo haina budi kupingwa, na wa kuipinga si mtaalamu wa maabara, bali ni mchuuzi wa mboga wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mbele ya Pugu. Mchuuzi huyo akitumiwa fedha kwa simu huwa na ombi moja: atumiwe "na ya kutolea". Maneno hayo matatu yamebeba hukumu nzima.

Haifai kuidhulumu historia. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008, lilikuwa jambo jipya kweli. Aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya mama yake kijijini alipata njia ya salama zaidi. Lakini hata hapo wazo halikushuka kutoka ghorofani. Watu wa Uganda na kwingineko Afrika walikwisha kutumiana muda wa maongezi ukashika nafasi ya fedha. Wanyonge walibuni, wakubwa wakasikiliza.

Tangu hapo kumefuata nini? Majina. Z-Pesa ya Zantel, waliyoijua Wazanzibari, ikageuka Ezypesa. Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas mwaka 2024. Mtunzi akibadili anwani ya shairi na kuziacha beti zilezile, nani atasema ametunga? Baada ya majina ikaja mikopo: Fuliza ya Safaricom mwaka 2019, na Songesha ya Vodacom Tanzania. Kukopesha si uvumbuzi. Daftari la mwenye duka lilikuwapo kabla ya simu, na mwenye duka humjua anayemkopesha.

Watetezi watautaja mwaka 2014, Tigo, Airtel na Zantel zilipokubali wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Ni kweli, na ni jambo jema. Ila kuta zilizobomolewa zilijengwa na kampuni zenyewe. Watasema pia kwamba minara na mawakala hugharimu, na kwamba tozo ya mwaka 2021 iliwekwa na Serikali. Nayo ni kweli. Lakini anayejigamba kuwa mbunifu asijibu kwa lugha ya mtoza ushuru. Kilichobaki kubuniwa ni kile kile kigumu: senti ya maskini ifike bila kumegwa njiani.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni hizi zimesifiwa mno, ndani na ughaibuni. Siku mchuuzi wa Chanika atakapopokea fedha yake bila kutamka "na ya kutolea", sifa hizo zitakuwa halali. Hadi hapo, kilichomo kibuyuni ni maji.