Kifafa si jini, jamani

Hapa Kiembeni mtoto akianguka kifafa, watu mbio kwa mganga. Haya sikizeni. Ubongo una breki zake, vipokezi vya GABA. Kila kimoja ni vipande 5 vya protini, na seli huvipachika minyororo midogo ya sukari (si ya chai!) ndio vikunjike sawa. Sukari ikikaa pasipofaa, vipande haviungani vizuri, ama kipokezi hakifiki juu ya seli. Breki zikalegea, mtoto yuko chini. Si kila kifafa kinaanzia hapo. Hata malaria ya ubongo hukiacha. Lakini fenobabitali, dawa ya tangu 1912, hukaza breki hizohizo, na haifiki bei ya mbuzi mnayeambiwa mchinje. Nyinyi mnaouza kombe mtandaoni, mtoto akiangukia jiko la makaa, nani ataulizwa?