Kagera: Sheria na Dhamiri

Mwalimu wa historia hapa Singida Mjini akifika kwenye Vita vya Kagera, hana budi kukabili swali moja: nduli Amin alipokwisha kufukuzwa katika ardhi ya Tanzania, kwa nini majeshi yalisonga mpaka Kampala? Swali hilo si la uhaini, wala halijibiwi kwa nyimbo za ushindi.

Mwanzo wa vita hauna ubishi. Oktoba 1978 Amin alivamia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa humpa aliyeshambuliwa haki ya kujilinda. Lakini Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mvamizi akiwa amekwisha kurudi kwao, na Mkataba wa OAU ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kule Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania. Umoja uliomfanya Amin Mwenyekiti wake mwaka 1975, huku Waganda wakichinjwa, ndipo ukapata sauti!

Hata hivyo Tanzania haikudai kuwa ilikwenda kwa huruma. Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba vita vilikuwa viwili: cha Tanzania kumrudisha mvamizi, na cha Waganda kumwondoa dikteta wao. Hoja hiyo ilikuwa ya busara, maana mlango wa huruma ukifunguliwa, mabeberu ndio watakaotangulia kuupita. Lakini haikuwa kweli yote. Jeshi lililoiteka Kampala, kwa sehemu kubwa, lilikuwa JWTZ. Sheria iliishia mpakani. Kutoka hapo ilibaki dhamiri.

Mwaka 2000 Afrika iliandika katika Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Umoja wa Afrika kwamba Umoja, si nchi moja moja, waweza kuingilia kati kukiwa na mauaji ya kimbari. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Januari 2016 Wakuu wa Nchi wakarudi nyuma. Waganda wangesubiri kura ya namna hiyo, Amin angezeekea Ikulu.

Wazazi wa Singida waliambiwa wafunge mkanda miezi 18, na dhiki ikapita muda huo kwa miaka. Watoto wao waelezwe wazi kilicholipiwa. Na mwanafunzi akiuliza mbona damu ilimwagika tena Luwero baada ya uchaguzi wa 1980, mwalimu asimkalishe chini.